Kikulacho Ki Nguoni

Methali inasema kikulacho ki nguoni mwako. Shuleni tulifundishwa kwamba inamzungumzia adui wa karibu: ndugu, rafiki, mtu unayekula naye sahani moja. Lakini siku hizi kuna kitu kinachoitimiza methali hii neno kwa neno. Ni kile kidude cha plastiki ambacho maduka makubwa hukibana kwenye nguo ili isiibiwe, na ambacho keshia anapaswa kukitoa ukishalipa. Mara mojamoja keshia husahau. Unafika nyumbani, unaitoa nguo kwenye mfuko, na pembeni mwa mshono kidude kipo, kimeng'ang'ania. Umelipa. Nguo ni yako. Lakini nguo yako inasema umeiba.

Wengi wanaofikwa na jambo hili huuliza swali la ufundi: kinatokaje? Mtaani kuna majibu mengi, na baadhi yake huishia kwenye tundu la nguo. Mimi nataka kuuliza swali lililo nyuma ya hilo, ambalo naliona gumu zaidi. Mtu asiye na kosa ana deni gani kwa yule aliyemkosea? Kwa nini mwenye haki ndiye anayelazimika kurudi, kupanga foleni, kutoa risiti na kujieleza?

Tuanze na kidude chenyewe, kwa sababu namna kinavyofanya kazi ni sehemu ya jibu. Kina vipande viwili vilivyounganishwa na pini inayopenya kitambaa. Ndani ya kipande kikubwa kuna kifungo kidogo cha chuma kinachoishika pini isitoke, na kifungo hicho hulegezwa na sumaku kali iliyopo kaunta. Katika aina moja inayotumika sana, ndani yake kuna pia utepe mwembamba wa metali. Nguzo mbili unazopita katikati yake mlangoni hutuma mawimbi ya masafa ya kilohezi 58. Utepe ukipigwa na mawimbi hayo, hutetemeka. Kisha nguzo hunyamaza, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kusikiliza. Zikisikia kitu kinaendelea kutetemeka, kengele inalia.

Hayo ndiyo mazungumzo yote kati ya mlango na nguo. Angalia kisichokuwemo. Pesa haimo. Keshia, risiti, jina lako, saa uliyolipa, vyote havimo. Kidude hakijui kama umelipa. Hakina njia yoyote ya kujua. Kinachojua ni kwamba bado kipo. Mtu aliyeiba na mtu aliyesahauliwa na keshia, kwake ni mtu mmoja.

Wazo hili lina umri wa takriban miaka sitini. Katika miaka ya 1960, Ronald Assaf alikuwa meneja wa duka la Kroger katika mji wa Akron, Ohio, Marekani. Husimuliwa kwamba alichoka kukimbizana na wezi, akaanza kutafuta namna ya kuifanya bidhaa yenyewe ipige kelele. Kampuni aliyoianzisha, Sensormatic, ilichangia sana kuzifanya tagi hizi kuwa jambo la kawaida madukani. Kabla ya hapo, mwenye duka aliwalinda watu: alikutazama, akakufuata kati ya rafu, akaangalia viatu vyako. Sasa angeweza kuilinda bidhaa na kumwacha mteja atembee kwa amani.

Huu ndio utetezi bora wa kidude, na nauchukulia kwa uzito. Kitu kisicho na macho hakiwezi kumdharau mtu. Hakioni kabila, rangi, kandambili zilizochakaa wala lafudhi ya shamba. Ukilinganisha na jicho la mwenye duka, utepe wa metali unaonekana kuwa na haki zaidi. Tatizo ni kwamba mashine hutoa mlio tu. Anayeupa mlio huo jina ni mtu, na mtu ana macho yaleyale ya zamani.

Kesi ninayoifahamu kwa karibu ni ya mdogo wangu. Mwaka jana alinunua gauni la shilingi 65,000 kwa ajili ya mahafali yake, katika duka moja kubwa la nguo hapa Dar es Salaam. Alilipa taslimu, akapewa risiti, akatoka. Nguzo hazikulia. Jioni alipolijaribu mbele ya Mama, kidude kikaonekana kwa ndani, chini ya kwapa, pini yake imepita kwenye mshono.

Nyumbani kukawa na baraza dogo. Mama alisema, "Rudi nalo kesho asubuhi na mapema, kabla hawajakusahau sura." Kaka yetu alicheka. "Mama, si limelipiwa? Hilo ni lake. Apeleke kwa fundi simu pale stendi, dakika mbili tu." Mdogo wangu hakusema kitu kwa muda. Alikuwa anapekua mkoba akitafuta risiti. Alipoipata akaikunjua juu ya meza, akailaza kwa kiganja, ndipo akasema maneno ambayo yamenifanya niandike insha hii.

"Nikilirudisha, watasema niliiba nikashindwa kukitoa. Nikikitoa mwenyewe, watasema niliiba nikafanikiwa."

Katika baraza lile kulikuwa na misimamo mitatu, na kila mmoja una falsafa yake. Mama aliamini kumbukumbu: muuzaji amekuona, anakujua, atashuhudia. Ndivyo alivyokulia, katika soko ambalo mtu huacha pesa leo na kuchukua mzigo kesho. Kaka aliamini umiliki: kilicho changu ni changu. Mdogo wangu aliamini kwamba kumbukumbu na umiliki havitamsaidia mbele ya mtu aliyekwisha kuamua.

Nianze na Kaka, kwa sababu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, umiliki wa bidhaa huhamia kwa mnunuzi pale ambapo pande mbili zimekusudia uhamie. Dukani, hilo halina utata: umetoa pesa, umekabidhiwa gauni, biashara imekwisha. Kuanzia hapo mdogo wangu angeweza kulikata mikono, kulitia rangi, kulifanya kitambaa cha kupigia deki. Hakuna kifungu kinachosema gauni litakuwa lake pindi kidude kitakapotoka.

Lakini kidude chenyewe hakikuuzwa. Hakimo kwenye risiti, hakina bei, na duka hukitumia tena na tena kwenye nguo nyingine. Kwa hiyo katika mfuko ule kulikuwa na vitu viwili, kimoja chake na kingine cha duka, na kile pekee ambacho hakikuwa chake ndicho kilichokuwa kikimshtaki.

Mtu ana wajibu gani kwa mali ya mwenzake iliyomfikia bila yeye kuitaka? Wengine watakimbilia neno amana, na amana kwetu ni neno zito. Lakini amana hukabidhiwa, na anayeipokea huwa amekubali. Mfano unaofaa zaidi ni kuku wa jirani. Kuku wa jirani akiingia uani kwako, humchinji. Humfichi pia. Lakini hakuna anayetarajia umbebe kwenye kapu, upande daladala mbili, umpeleke kwa mwenyewe huko aliko kisha umweleze mlinzi wake kwamba hukumwiba. Unatuma ujumbe: kuku wako yuko kwangu, njoo umchukue. Na kama kuku amepanda kitandani kwako, una haki ya kumshusha, taratibu, bila kumvunja mguu.

Kwa mfano huo, jibu langu kwa swali la kwanza ni hili. Mnunuzi aliyesahauliwa na keshia ana haki ya kukitoa kidude mwenyewe kama anaweza. Analodaiwa ni kutokiharibu kwa makusudi, kukihifadhi, na kulijulisha duka. Gauni ni kitanda chake.

Sasa, kama haki ni hiyo, kwa nini mdogo wangu aliamka alfajiri, akaniomba nimsindikize, akapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi? Kuna sababu ya kifundi: baadhi ya vidude hivi vina vichupa vya wino, na ukivilazimisha hupasuka na nguo haifai tena. Hebu fikiria kidude cha aina hiyo kimebuniwa kufanya nini. Hakimkamati mwizi. Kinamwadhibu, bila kesi, kwa kuharibu alichochukua. Na kinamwadhibu mnunuzi kwa namna hiyohiyo. Lakini mdogo wangu hakuuogopa wino peke yake. Aliogopa neno.

Neno lenyewe ni "mwizi". Katika nchi nyingine mtu akiitwa hivyo kwa makosa, ataaibika, atakasirika, atadai aonwe na meneja. Katika miji yetu, neno hilo likipigwa kwa sauti mahali penye watu, linaweza kuua. Kila mwaka ripoti za haki za binadamu za LHRC huzungumzia watu waliouawa na wananchi wenye hasira kali, kama tulivyozoea kuandika magazetini, na wengi wao kosa lao lilikuwa ni kuitwa hivyo tu. Najua kwamba ndani ya jengo lenye viyoyozi na kamera hakuna atakayewasha tairi. Lakini mtu haachi mwili wake mlangoni. Anayeingia dukani ni yuleyule aliyewahi kuona, akiwa mtoto, umati ukikimbia kuelekea upande mmoja. Kengele inapolia, moyo wake hautafsiri kwamba kuna hitilafu ya tagi. Unasikia neno.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Ni kanuni nzuri, na tunaikariri. Lakini ukishuka kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 312, utakuta kwamba aliyezuiliwa akiwa na kitu kinachodhaniwa kwa sababu za msingi kuwa cha wizi anaweza kutiwa hatiani asipoiridhisha mahakama kwamba hakukipata isivyo halali. Yaani kuna kona ya sheria ambamo maelezo yanatakiwa kutoka kwako. Sisemi mdogo wangu angefikishwa huko kwa gauni moja. Ninachosema ni kwamba hofu yake haikuwa ya kitoto. Hata sheria inajua kwamba kitu ulichokishika kinaweza kuzungumza kwa niaba yako, na kwamba wakati mwingine ni wewe unayepaswa kukipinga.

Na unakipinga kwa nini? Kwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na Mamlaka ya Mapato imetukaririsha toleo jipya la methali hiyo: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010, risiti imekuwa kitu cha kiserikali, na sheria inamtaka hata mnunuzi aidai. Lakini itazame vizuri. Maandishi yake hayakuandikwa kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto. Ndiyo maana hufifia juani, hufifia kwenye mkoba wenye mafuta ya kujipaka, huweza kusawijika ikikaa karibu na jiko. Tunaishi katika mji wa joto, na uthibitisho wa uaminifu wetu umechapwa kwenye karatasi inayoliogopa joto. Zaidi ya hayo, risiti nyingi huandika "nguo" na bei, basi. Haisemi ni gauni gani. Anayetaka kukutilia shaka bado ana nafasi.

Na hata risiti ikiwa safi kabisa, kuna watu ambao haiwatoshi. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka mbali na hapa, New York, mwaka 2013. Mwanafunzi mmoja mweusi wa miaka 19 alinunua mkanda wa dola 349 katika duka la kifahari la Barneys. Alilipa. Alitoka na risiti. Baada ya kutoka, alizuiliwa na polisi, akahojiwa amepata wapi pesa ya kununulia mkanda wa bei ile. Alifungua kesi, wateja wengine weusi nao wakalalamika, na mwaka 2014 duka lilikubali kulipa dola 525,000 kumaliza uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo. Katika kisa hicho hapakuwa na kengele iliyolia. Kijana mwenyewe ndiye aliyegeuzwa tagi.

Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma zinazompata mtu katika nafasi yake ya kuwa mjuzi wa jambo, anaeleza aina moja ambayo naiita kwa Kiswahili dhuluma ya ushahidi. Mtu anasema kweli, anayo haki ya kuaminiwa, lakini msikilizaji anampunguzia uzito kwa sababu ya chuki au dhana aliyonayo juu ya watu wa aina yake. Dhuluma hii haimnyang'anyi mtu kitu unachoweza kukihesabu. Inamnyang'anya uwezo wa kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe. Risiti ilibuniwa kuziba pengo hilo, ili maskini na tajiri wawe na karatasi ileile. Kisa cha New York kinaonyesha kwamba karatasi nayo huhitaji mtu wa kuiamini.

Basi tulifika dukani asubuhi ile, saa tatu, mara tu baada ya kufunguliwa. Mdogo wangu alikuwa amevaa nguo zake za heshima, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Gauni lilikuwa kwenye mfuko wa duka lenyewe, risiti mkononi. Alipopita katikati ya nguzo, zikalia.

Zililia akiingia. Hakuna mwizi anayeingia dukani na mali aliyoiba. Hata hivyo kila mtu aligeuka, na mlinzi akanyoosha mkono kuuchukua mfuko kabla hajasema neno. "Hii umetoa wapi?" Mdogo wangu akaeleza. Mlinzi akaisoma risiti pande zote mbili, ule wa nyuma haukuwa na kitu, akalitoa gauni, akalinyoosha hewani mbele ya wateja wawili watatu waliokuwepo, akakitazama kidude, akatutazama sisi. Hakuwa mkali. Alikuwa anafanya kazi yake. Mwishoni alitupeleka kaunta na kumwambia mdogo wangu kwa sauti ya upole kabisa, "Siku nyingine, dada, uwe unaangalia."

Nimeifikiria sana sentensi ile. Avishai Margalit aliandika mwaka 1996 kwamba jamii yenye staha ni ile ambayo taasisi zake haziwadhalilishi watu, na akatofautisha jambo hilo na jamii ambayo watu wake hawadhalilishani. Mlinzi hakumdhalilisha mdogo wangu. Alikuwa mpole. Lakini utaratibu mzima, kuanzia nguzo hadi gauni lililoning'inizwa hewani, ulikuwa umemdhalilisha, na sentensi ya upole ndiyo iliyofunga hesabu: kosa la duka likaandikwa kwenye daftari la mteja.

Ninachokikumbuka zaidi hata hivyo ni kaunta. Keshia alikuwa msichana wa rika letu. Alilipokea gauni, akaligusisha kwenye sumaku, pini ikaachia. Hazikufika sekunde mbili. Kisha akainama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, meneja umeshamwambia?" Mdogo wangu akasema hapana. Keshia akashusha pumzi. Alieleza, haraka, akitazama pembeni, kwamba kidude kikipotea hukatwa mshahara aliyekuwa zamu, na kwamba wao wenyewe hupekuliwa mikoba kila jioni wanapotoka. "Asante kwa kukirudisha," alisema.

Hapo ndipo picha yangu ilipobadilika. Nilikuwa nimeliona jambo hili kama ugomvi kati ya duka na mteja, mwenye nguvu na mnyonge. Kumbe kidude kilikuwa kimewashika wasichana wawili kwa pamoja. Mmoja aliogopa kuambiwa ameiba gauni alilolinunua. Mwingine aliogopa kulipishwa plastiki aliyosahau kuitoa. Kila mmoja angeweza kujisafisha kwa kumchongea mwenzake. Mdogo wangu akisema "keshia wenu ndiye aliyesahau," yeye anatoka safi na mwenzake anakatwa. Keshia akisema "mimi nilikitoa," yeye anabaki na mshahara wake na mteja anabaki na jina. Shaka ikishajengwa ndani ya mlango, walio karibu na mlango huachiwa waigawane. Aliyeufunga mlango yuko ofisini, juu, na kengele haimfikii.

Inawezekana msomaji anaona nalilaumu duka kupita kiasi, na yapo ya kulitetea. Wizi wa madukani upo. Nguo zinazoibwa hulipiwa na mtu, na mara nyingi ni sisi wateja waaminifu, kupitia bei. Bila tagi, huenda tungerudishiwa yule mwenye duka wa zamani anayekufuata kati ya rafu. Wala sitaki kuusifu udugu wa sokoni ambao Mama aliukumbuka. Nimenunua Kariakoo vya kutosha. Hakuna tagi, lakini kuna kibao ukutani kinachosema mali ikiuzwa hairudishwi, kuna kijana mlangoni ambaye kazi yake ni kukutazama mikono, na kuna macho yanayokupima kabla bei haijatajwa. Kutoaminiana hakukuletwa na Marekani ndani ya plastiki. Plastiki imekupa tu sauti moja kwa wote.

Kwa hiyo simwombi mwenye duka atuamini. Namwomba alipe gharama ya kutotuamini. Kanuni ninayoipendekeza ni ya zamani, na mtu yeyote aliyekulia kijijini anaijua: anayetega mtego njiani anawajibika kwa mguu wowote utakaonaswa, hata kama alimtegea nguruwe. Anaruhusiwa kutega. Shamba ni lake na nguruwe wapo. Asichoruhusiwa ni kumwambia mpita njia aliyevunjika mguu kwamba siku nyingine awe anaangalia.

Ukiipeleka kanuni hiyo dukani, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kengele ikilia, wa kwanza kuulizwa awe ni duka: je, tulikitoa? Duka liangalie kumbukumbu zake lenyewe, maana mashine ya mauzo inakumbuka kila kilichouzwa na saa kilipouzwa, wakati mteja ana karatasi inayofifia. Mteja akipiga simu kusema kidude kimebaki, nauli iwe juu ya duka, au atumwe mtu. Keshia asikatwe mshahara kwa kusahau, kwa sababu kusahau kwa keshia kunajulikana tangu siku mtego uliponunuliwa. Ni sehemu ya bei yake. Na gauni la mtu lisining'inizwe hewani.

Mnunuzi naye nina la kumwambia, hasa yule aliyekaa kitandani usiku na nguo yake mapajani, akijiuliza aende wapi. Usianze kwa kutafuta kisu. Anza kwa kujikumbusha ni nani aliyekosea, kwa sababu kesho mlangoni kila kitu kitajaribu kukusahaulisha. Risiti ipige picha kabla haijafifia. Kisha amua. Ukikitoa mwenyewe kwa uangalifu, hujamwibia mtu. Ukikirudisha, nenda, lakini usiende kama mshtakiwa anayepeleka utetezi wake. Nguo ni yako na hujaja kuiombea ruhusa. Kilicho mkononi mwako, cha kumpa mwenyewe, ni kile kipande cha plastiki alichokisahau nguoni mwako, na mtu anayerudisha mali ya mwenzake hastahili kuulizwa ameitoa wapi. Keshia alilijua hilo. Katika duka zima asubuhi ile, yeye peke yake ndiye aliyesema asante.